Mungu Hahesabu Matofali

Leo tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya akili za watoto wetu wanaokwenda shule, hasa wale ambao husemwa kwamba wana kipawa, na wale ambao wana kipawa lakini hakuna aliyekiona. Neno letu latoka katika Kitabu cha Kutoka, mlango wa 31, mstari wa kwanza hadi wa sita. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Aliye jikoni, au anayekamua ng'ombe, na asikilize tu.

Katika mistari hiyo Mungu asema na Musa juu ya mtu mmoja, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila ya Yuda. Amwambia Musa kwamba amemwita mtu huyu kwa jina lake, na kwamba amemjaza Roho wake. Natutazame Roho huyo alimpa nini. Hakumpa kuhubiri. Hakumpa unabii wala ufalme. Alimpa ujuzi wa kubuni kazi za ustadi, kufua dhahabu na fedha na shaba, kuchonga mawe na kukata miti. Naye Bezaleli ndiye mtu wa kwanza kutajwa kwa jina katika Biblia kwamba alijazwa Roho wa Mungu. Alikuwa fundi.

Tukisoma mbele kidogo, mlango wa 35, twawakuta wanawake wanaosokota singa za mbuzi. Biblia yaiita kazi yao nayo kazi ya hekima. Huko nyuma twamwona Miriamu, dada yake Musa, akishika tari na kuwaongoza wanawake kwa wimbo. Basi hekima ya Mungu ilikuwa mikononi mwa fundi, vidoleni mwa wasokotaji, na kinywani mwa mwimbaji.

Sasa kumbukeni watu hawa walikuwa wametoka wapi. Walikuwa watumwa katika nchi ya Misri, na kazi yao ilikuwa kufyatua matofali. Mlango wa tano wa kitabu hicho watueleza jinsi Farao alivyowapima. Alikuwa na kipimo kimoja tu, hesabu ya matofali ya kila siku. Hesabu ilipopungua, wanyapara wao walipigwa. Hapakuwa na mtu aliyeuliza, Je, miongoni mwa hawa yuko ajuaye kuchora? Yuko ajuaye kufuma? Yuko mwenye sauti? Farao angaliweza kutawala miaka mingi asijue kwamba katika udongo ule mlikuwa na mikono iliyoweza kulijenga Sanduku la Agano.

Wapenzi, hata sisi katika nchi yetu tumekuwa na matofali yetu. Tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2023 watoto wa Kenya walifanya mtihani wa KCPE mwishoni mwa darasa la nane. Katika miaka yake ya mwisho jumla ya alama ilikuwa 500, na mtoto wa miaka 13 au 14 aliweza kujulikana kijiji kizima kwa tarakimu tatu tu. Mtihani huo sasa umeondoka. Mahali pake umeingia Mtaala wa Umilisi, ulioanza kujaribiwa madarasani mwaka 2017, na katika sekondari ya juu wanafunzi hugawanywa katika njia tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Haya ni mambo mema. Lakini mtihani waweza kuondoka na kipimo kikabaki moyoni. Bado twasikia mzazi akisema, "Huyu wangu wa kwanza ana akili, lakini huyu wa pili, mh! Mungu amsaidie." Naye yule wa pili yupo papo hapo, anasikia.

Hebu tutazame darasa moja la kijiji chochote. Yuko mvulana aliyetengeneza lori la waya, na magurudumu ya mbele yanafuata usukani kama ya lori la kweli. Yuko msichana ambaye Jumamosi humsaidia mama yake sokoni, na hurudisha chenji bila kuandika popote, wala hakosei. Yuko mwingine ambaye watoto wakigombana kwenye bomba la maji, hungoja yeye aje aamue. Yuko mchungaji mdogo wa mbuzi ambaye humtambua mbuzi mgonjwa kabla hajaacha kula. Yuko yule asikiaye wimbo mara moja kanisani, na jioni aimba sauti ya pili. Yuko mwenye kukimbia na kucheza mpira hata wazee husimama kumtazama. Yuko msichana mnyamavu ambaye hajulikani sana, lakini ajijua mwenyewe, ajua akasirikacho na sababu yake, na hapotezwi na kundi. Na yuko mwenye kuandika insha ambayo mwalimu huwasomea wengine.

Ni yupi kati ya hawa mwenye akili? Wahenga wetu walijibu zamani: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mwaka 1983 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Howard Gardner, alitoa kitabu kilichosema jambo lililo karibu na methali yetu. Alisema akili ya mwanadamu si moja. Alitaja saba: ya maneno, ya hesabu na mantiki, ya kuona maumbo na nafasi, ya muziki, ya mwili na mikono, ya kuwaelewa watu wengine, na ya kujielewa mwenyewe. Baadaye, katika miaka ya 1990, akaongeza ya nane, ya kuvielewa viumbe, kama ile ya mchungaji wetu wa mbuzi. Yatupasa kusema kweli kwamba wataalamu wengi hawakubaliani naye. Wao husema kwamba mtoto afanyaye vizuri katika jaribio moja mara nyingi hufanya vizuri katika mengine pia, kwa hiyo akili hizi hazikutengana kama vyumba vyenye kuta. Mabishano hayo tuwaachie wenyewe. Lakini mwalimu yeyote aliyekaa na watoto miaka kumi ajua kwamba vipawa vyao havifanani, na kwamba karatasi ya mtihani haivioni vyote.

Wala aliyeanzisha vipimo vya akili hakudai kwamba vyaona vyote. Alikuwa Mfaransa, Alfred Binet. Mwaka 1905 yeye na mwenzake Théodore Simon walitoa jaribio la kwanza katika mji wa Paris. Nia yao ilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni, wapate kusaidiwa. Binet alikataa maneno ya wale waliosema kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichowekwa, kisichoweza kuongezeka. Aliamini yaweza kuzoezwa, ikakua. Chombo kile kilitengenezwa kiwe kama taa ya kumtafutia aliyebaki nyuma. Waliokuja baadaye wakakifanya mlango wa kumfungia nje.

Mwaka 1921 huko California, mtaalamu Lewis Terman alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi kuliko wote. Aliwaomba walimu wamtajie watoto, kisha akawapima, akachagua zaidi ya 1,500, na kazi ya kuwafuata katika maisha yao iliendelea miaka mingi. Wengi wao walikuwa watu wa maana. Lakini kuna wavulana wawili waliopimwa wakaachwa nje, kwa kuwa alama zao hazikutosha. Mmoja ni William Shockley, mwingine ni Luis Alvarez. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, na Alvarez akaipata mwaka 1968. Katika wale zaidi ya 1,500 waliochaguliwa, hakuna hata mmoja aliyeipata.

Lakini, wapenzi, hadithi ya Shockley haiishii hapo, na sehemu ya pili ni ya kuhuzunisha. Mtu huyu, ambaye kipimo kilimkataa utotoni, alipokuwa mkubwa na mwenye sifa alikichukua kipimo kile kile akatangaza kwamba watu weusi wamezaliwa na akili pungufu. Alikuwa na akili ya kuvumbua vyombo ambavyo redio zetu hizi hutumia, lakini hakuwa na hekima ya kumwona jirani yake. Kumbe mtu aweza kuwa na kipawa kikubwa kabisa, na bado akakosa lile lililo kubwa kuliko kipawa.

Hapa yafaa tuwasikilize wazee wetu. Wataalamu waliokwenda kwa Wajaluo kuuliza akili ni nini hawakupewa neno moja, walipewa manne. Kuna rieko, yaani maarifa na ujuzi. Kuna luoro, yaani heshima. Kuna winjo, yaani kuelewa na kujua la kufanya jambo linapotokea. Na kuna paro, yaani kufikiri na kuanzisha jambo bila kusukumwa. Kwa Wakipsigis kuna neno ng'om, na wao hutofautisha mtoto aliye ng'om shuleni na aliye ng'om nyumbani. Wa nyumbani ni yule atumwaye akafanya, aonaye kazi bila kuambiwa, awezaye kuachiwa mdogo wake. Wazee hawa walijua kwamba mtoto aweza kuwa wa kwanza darasani na nyumba ikaungua yeye akitazama.

Kuna uchunguzi mwingine uliofanywa Usenge, kando ya Ziwa Victoria katika Siaya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2001. Waliofanya kazi hiyo walikuwa pamoja na Robert Sternberg wa Marekani na Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Kwanza waliwapa majaribio ya kishule. Kisha wakawapa habari za magonjwa yaliyo ya kawaida pale, wakawauliza: mtoto akiugua hivi, atapewa dawa gani ya miti, na kwa namna gani? Watoto waliojua dawa vizuri zaidi mara nyingi walikuwa na alama za chini katika majaribio ya shule, na wenye alama za juu mara nyingi hawakujua dawa. Wataalamu walifikiri sababu ni hii: jamaa nyingine huweka nguvu zote katika kitabu, na jamaa nyingine huona kitabu hakitamfikisha mtoto popote, basi humfundisha ya kijijini. Kila mtoto alikuwa na akili mahali alipofundishwa kuitumia.

Basi tukimwita mmoja wa watoto hao mjinga, tunasema uongo juu ya kazi ya mikono ya Mungu. Tena ni uongo unaozaa. Mtoto akiambiwa mjinga mara mia, mara ya mia na moja hujiambia mwenyewe. Huacha kuinua mkono darasani. Huanza kukaa nyuma. Wengine herufi huwachanganya, d huwa b na b huwa d, ingawa vichwa vyao ni vikali; hao huonekana wavivu, kumbe walihitaji mtu wa kuwasomesha kwa njia nyingine. Wengine humaliza kazi upesi, wakakaa bure, wakasumbua wenzao, wakaitwa watundu. Twajua mwalimu ana watoto wengi mbele yake, hamsini na zaidi, wala hatumlaumu. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuwa ya mwalimu peke yake.

Lakini tusikosee upande wa pili. Asiwepo mzazi atakayesema, "Mhubiri amesema akili ni nyingi, basi wangu na aache kusoma, aende akacheze mpira." Hapana. Sanduku la Agano lilikuwa na urefu wa mikono miwili na nusu, na upana wa mkono mmoja na nusu. Bezaleli asingalijua kupima na kuhesabu, angaliharibu mti na dhahabu. Kusoma, kuandika na hesabu ni njia ambazo kipawa chochote hupitia. Yule wa lori la waya ahitaji hesabu awe fundi wa kweli. Yule wa mbuzi ahitaji kusoma apate kuwa daktari wa mifugo. Kipawa bila kazi ni mbegu ghalani.

Sasa natuseme na mzazi mmoja, maana twajua yupo anayetusikiliza. Una watoto wawili na karo ya mmoja. Umekaa usiku, taa imezimwa, nawe unawaza ni yupi atakwenda. Hatuna maneno mepesi ya kukupa. Lakini twakusihi jambo moja. Usimwambie yule atakayebaki kwamba amebaki kwa sababu hana akili. Mwambie ukweli, "Mwanangu, kilichopungua ni pesa, si akili yako." Maneno hayo hayagharimu kitu, nayo yaweza kumlinda maisha yake yote. Kisha umtafutie njia nyingine, wala usiketi.

Katika jambo hili Kanisa lina mfano wa kufuata. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya, ambalo leo ni Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilitoa taarifa iliyouliza vijana waliomaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari watakwenda wapi. Kutokana na taarifa hiyo vilianzishwa vyuo vya ufundi vya vijiji, ambavyo wengi wetu twaviita politekniki. Humo vijana wakajifunza useremala, uashi, ushoni na kazi nyingine. Wazee wetu wa Kanisa hawakungoja kipimo kibadilike. Walimtazama kijana aliyeachwa na mtihani, wakamwona Bezaleli.

Nasi tufanye nini leo? Kwanza, mtazame mtoto wako afanyapo jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Hapo ndipo kipawa hujionyesha. Mama, ukimwona akifungua redio mbovu, usimpige kwanza. Muulize ameona nini ndani. Pili, mtafutie mtu mzima anayeijua kazi hiyo, awe fundi, mwalimu wa kwaya, muuguzi au mkulima hodari, akae karibu naye wakati wa likizo. Bezaleli mwenyewe hakupewa kufanya kazi tu. Mlango wa 35 wasema alipewa pia moyo wa kuwafundisha wengine. Tatu, mtoto aliye wa kwanza darasani asiondolewe kazi za nyumbani. Ateke maji, amsaidie mdogo wake na hesabu, atumwe kwa nyanya. Akili ya kitabu isipofundishwa kuinama itamfikisha alikofika Shockley.

Nne, ni neno kwa makanisa yetu. Matokeo ya mitihani yatokapo, katika makanisa mengi watoto waliofaulu huitwa mbele, wakapigiwa makofi, wakaombewa. Ni vizuri, nao wamefanya kazi. Lakini wako waliobaki wameketi katika viti, wakitazama viatu vyao. Wazee wa kanisa, ndugu wachungaji, siku hiyo waiteni wote. Aliyefaulu na ashukuru, na aliyeanguka na aombewe kwanza, maana yeye ndiye mwenye safari ngumu. Muulizeni mbele ya ndugu zake, "Mungu amekupa nini?" Kama hajui, Kanisa limsaidie kukitafuta. Kama hatalisikia swali hilo kanisani, atalisikia wapi?

Bwana wetu alitoa mfano wa talanta. Alisema mwenye mali alimpa kila mtumwa kwa kadiri ya uwezo wake, mmoja tano, mmoja mbili, mmoja moja. Mwenye mbili hakuulizwa kwa nini hakuleta kumi. Alisifiwa kwa maneno yale yale aliyosifiwa mwenye tano. Aliyekemewa ni yule aliyeizika talanta yake. Wapenzi, mtoto hana nguvu za kuchimba shimo la kuizikia talanta yake. Mara nyingi ni sisi wakubwa tunaoshika jembe.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Bezaleli kwa jina lake, waite na watoto wetu kwa majina yao. Waliosifiwa uwape unyenyekevu. Waliodharauliwa uwape moyo. Walimu uwape subira, na wazazi wenye karo haba uwafungulie njia. Utufumbue macho tuone ulichoweka ndani ya kila mtoto, tusije tukasimama mbele yako kuulizwa habari za talanta ya mtu mwingine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wasikilizaji wapenzi, leo mtoto wako arudipo kutoka shule, kabla hujamwuliza amekuwa wa ngapi, mwulize amefanya nini kilichompendeza. Kisha kaa, umsikilize. Mungu awabariki.